Fereti na Sungura wa Mashimo: Uwindaji wa Kale na Funzo Lake kwa Sayansi

Katika mashamba ya Uingereza, majira ya baridi yanapokaza na majani ya vichaka yakiwa yamekwisha pukutika, wako wakulima na vibarua ambao hadi leo huwinda sungura bila bunduki, bila mtego wa chuma na bila sumu. Msaidizi wao ni mnyama mdogo mwenye mwili mrefu na mwembamba, ambaye huchukuliwa hadi shambani ndani ya sanduku la mbao. Mnyama huyo huitwa fereti. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuingia katika shimo la sungura na kuwatimua waliomo. Sungura hutoka mbio kuokoa maisha yake, na mlangoni hukutana na wavu.

Kwa mtazamo wa juu juu, jambo hili laonekana kuwa ni ufundi wa shambani usiohitaji maelezo mengi. Lakini tukilichunguza kwa jicho la sayansi, twaona kwamba ndani yake mna mambo mengi yanayofundishwa katika somo la elimu ya viumbe: uhusiano baina ya umbo la mnyama na kazi yake, urithi, magonjwa ya virusi, na mizani iliyopo kati ya mnyama alaye na mnyama aliwaye. Mna pia swali ambalo kila taifa la wakulima hukutana nalo siku moja: mnyama mharibifu azidipo, tutumie nguvu gani ya kumpunguza, na ni nani atakayelipa gharama endapo nguvu hiyo itatuponyoka mikononi?

Ni sungura yupi?

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuondoa utata mmoja wa lugha. Neno «sungura» katika Kiswahili hutumika kwa wanyama zaidi ya mmoja. Sungura wa nyika zetu, yule mjanja wa hadithi tulizosimuliwa utotoni, ni wa jenasi iitwayo Lepus. Huyu hachimbi shimo. Hujilaza chini ya kichaka au katika majani, na adui akimkaribia hutegemea masikio yake marefu na miguu yake yenye mbio. Watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyo wazi, nao baada ya muda mfupi huweza kujisogeza.

Sungura wa Ulaya, ambaye wataalamu humwita Oryctolagus cuniculus, ni mnyama mwingine kabisa. Umbo lake ni dogo zaidi, masikio yake ni mafupi, na huishi kwa makundi ndani ya mashimo yaliyounganishwa kwa njia nyingi za chini ya ardhi, yenye milango kadhaa. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, katika kitanda cha majani na manyoya ambayo mama huyanyofoa tumboni mwake. Sungura wa kufugwa tunaowaona katika vibanda vya shule na vya wafugaji hapa Afrika Mashariki ni wa ukoo wa sungura huyo wa mashimo, wala si watoto wa sungura wetu wa nyika. Katika makala haya, kila tutakapotaja sungura tutakuwa na maana ya huyu wa mashimo.

Tofauti hiyo yaeleza kwa nini uwindaji wa fereti ni mali ya Ulaya. Mnyama wa kuingia shimoni hana kazi kwa windo lisilokaa shimoni.

Asili ya sungura huyu ni Rasi ya Iberia, yaani nchi za Hispania na Ureno za leo, pamoja na sehemu ya kusini ya Ufaransa. Wapo wanaoamini kwamba hata jina la Hispania lilitokana na maneno ya mabaharia wa Foinike. Walipofika huko, yasemekana, waliwaona sungura wengi wakaingia na kutoka mashimoni, wakadhani kuwa ni pimbi, mnyama waliyemjua kwao, wakaiita nchi hiyo kuwa ni ya pimbi. Maelezo hayo hayakubaliwi na wataalamu wote, lakini yanaonyesha jinsi wanyama hao walivyokuwa wengi.

Wingi wao una sababu. Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 30 hivi, huzaa watoto kadhaa kwa mara moja, na aweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa. Watoto nao huwa tayari kuzaa wakiwa na umri wa miezi minne hivi. Shamba la ngano, mboga au miche michanga lililo jirani na mashimo yao halina salama.

Fereti ni mnyama gani?

Fereti ni wa familia ya wanyama walao nyama ambayo sisi twaijua kwa nyegere, kicheche na fisi-maji. Asichanganywe na nguchiro, ambaye ingawa mwili wake nao ni mrefu, ni wa familia nyingine. Babu yake fereti ni mnyama wa porini wa Ulaya afananaye na kicheche wetu, nasi tutamwita kicheche wa Ulaya. Binadamu alimfuga mnyama huyo na kumchagulia uzazi kwa muda wa zaidi ya miaka 2000, mpaka akapatikana mnyama mpole, asiyemwogopa mtu, lakini ambaye bado ana hamu ya kuingia katika kila tundu lililo mbele yake. Jina lake katika lugha za Ulaya limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya «mwizi mdogo».

Dume huwa mkubwa kuliko jike, na uzito wao huwa kati ya robo tatu ya kilo na kilo mbili. Wengine wana rangi ya hudhurungi na alama nyeusi usoni kama babu zao. Wengine ni weupe wenye macho mekundu, yaani zeruzeru. Sifa ya uzeruzeru hurithiwa kwa namna ile ile wanafunzi wajifunzayo katika sheria za Mendel: hujitokeza pale tu mtoto anapopokea jeni yake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Porini mnyama mweupe angeonekana upesi na adui na na windo lake. Mkononi mwa binadamu mambo yamegeuka, kwani wawindaji wengi humpendelea mweupe kwa sababu huonekana kwa urahisi atokapo kichakani, wala mbwa hamdhanii kuwa ni sungura. Hapa twaona wazi tofauti kati ya uteuzi wa asili na uteuzi wa binadamu.

Jike lake lina jambo moja la kushangaza. Siku zinapoanza kurefuka baada ya majira ya baridi, mwili wake huingia katika hali ya kutaka dume, na hali hiyo haikomi yenyewe. Yai halitoki mpaka apandwe. Asipopandwa, homoni ya estrojeni huendelea kuzalishwa kwa wiki nyingi, nayo huudhuru uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Mwisho wake waweza kuwa upungufu mkubwa wa damu na kifo. Kwa hiyo mfugaji asiyetaka watoto hana budi kumpa jike wake dume aliyefungwa kizazi, au kumpeleka kwa mganga wa mifugo apigwe sindano.

Umbo na gharama yake

Mwili wa fereti ni kama kipande cha mpira wa maji wenye miguu mifupi. Uti wake wa mgongo hupindika kwa wepesi sana, hata aweza kugeuka ndani ya njia iliyo nyembamba. Macho yake si makali, lakini pua na masikio yake hufanya kazi vyema gizani. Umbo hilo ndilo limfanyalo aweze kupita popote apitapo sungura.

Lakini katika maumbile hakuna faida isiyolipiwa. Tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu aweza kuirudia darasani. Tuchukue mnyama wa ujazo wa sentimita za ujazo 1000. Kama angekuwa na umbo la tufe, nusukipenyo chake kingekuwa sentimita 6.2, na eneo la uso wake lingekuwa sentimita za mraba 484 hivi. Sasa tumfinyange mnyama huyo huyo awe mcheduara wenye kipenyo cha sentimita 6. Urefu wake utakuwa sentimita 35.4, na eneo la uso wake litafikia sentimita za mraba 724 hivi. Ujazo haukubadilika, ila uso umeongezeka kwa nusu nzima.

Joto la mwili hupotea kupitia usoni. Kwa hiyo mnyama mrefu na mwembamba hupoteza joto upesi kuliko mnyama wa mviringo mwenye uzito ule ule, na hulazimika kula zaidi ili kulirudisha. Wala hawezi kujikinga kwa kuvaa manyoya manene sana au mafuta mengi, kwa kuwa hapo asingepita shimoni. Utumbo wake pia ni mfupi, na chakula hupita ndani yake kwa muda wa saa chache tu. Ndiyo maana fereti hula mara kwa mara, na saa zinazobakia hulala usingizi mzito. Katika siku moja aweza kulala kwa saa 14 au zaidi. Umbo lake ni ufunguo wa mashimo, na bei ya ufunguo huo ni njaa isiyokwisha.

Jinsi uwindaji unavyofanywa

Majira yafaayo ni yale ya baridi, takriban kuanzia Oktoba mpaka Machi. Sababu zake ni mbili. Kwanza, majani yakiwa yamekufa milango yote ya mashimo huonekana. Pili, wakati huo watoto wachanga ni wachache. Mtoto mchanga hawezi kukimbia. Fereti akimkuta atamwua, atakula na kulala huko huko, na kazi ya siku itakwama.

Wawindaji hulikaribia shimo kwa ukimya. Sungura walio chini husikia mshindo wa nyayo, nao wana desturi ya kupiga ardhi kwa mguu wa nyuma ili kuwaonya wenzao. Wakishaonywa huwa wazito kutoka. Kila mlango hufunikwa kwa wavu mdogo uliopitishiwa kamba pembezoni na kufungwa kwenye kigingi. Sungura akiupiga wavu kwa kichwa, kamba hujikaza na wavu hufumba kama mdomo wa mfuko. Mlango mmoja ukisahauliwa, ndio huo utakaotumiwa, kwa kuwa sungura aijua nyumba yake kuliko mwindaji.

Baada ya hapo fereti huachiwa aingie, na watu husimama nyuma ya milango, kimya. Huenda ukapita muda bila dalili yoyote. Kisha husikika mishindo ya chini kwa chini, na ghafla sungura huruka wavuni. Mwindaji stadi humshika upesi na kumwua mara moja kwa kumvunja shingo, asipate mateso, kisha huurudisha wavu mahali pake kwani huenda wa pili yu njiani.

Sungura hutoka kwa nini, na hali nje kuna mwanga na watu? Jibu ni kwamba kwa maelfu ya vizazi aliwindwa chini ya ardhi na kicheche wa Ulaya na jamaa zake. Sungura waliobaki shimoni waliposikia harufu ya mnyama huyo waliliwa, na waliokimbia walizaa. Hofu hiyo imo katika urithi wake. Shimo, ambalo ni ngome yake dhidi ya tai na mbweha, hugeuka kuwa mtego dhidi ya adui mwembamba. Mwindaji hakuibuni hofu hiyo bali aliikuta, akatandaza wavu mwishoni mwake.

Kuna makosa yanayoweza kuharibu kazi. Fereti mwenye njaa kali huua na kula badala ya kutimua, kwa hiyo mfugaji mwenye akili hampeleki shambani akiwa hajala. Hata hivyo wakati mwingine fereti hushika sungura katika njia isiyo na mlango wa pili, akabaki huko. Zamani lilipotokea jambo hilo dume mwenye nguvu aliingizwa akiwa amefungwa kamba ndefu, na wawindaji walipima kamba hiyo ili kujua mahali pa kuchimba. Katika miongo ya karibuni fereti huvishwa ukanda wa shingoni wenye chombo kidogo kitoacho mawimbi ya redio, na kipokezi kilicho juu ya ardhi huonyesha mahali alipo na kina chake.

Kutoka Roma hadi kwa mkulima wa Kiingereza

Habari za uwindaji huu ni za kale sana. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi zama za Kaisari Augusto, aliandika kuhusu visiwa vya Balearic, karibu na Hispania, ambako sungura walikuwa wamezidi hata wakazi wakapeleka ombi la msaada Roma. Alieleza pia habari za wanyama walioletwa kutoka pwani ya kaskazini ya Afrika, ambao hufungwa midomo na kuingizwa mashimoni ili kuwatoa sungura. Plinio naye, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja mambo yayo hayo. Hivyo twaweza kusema kwamba hii ni miongoni mwa habari za kale zaidi zilizoandikwa kuhusu binadamu kutumia mnyama mmoja ili kumpunguza mwingine.

Nchini Uingereza sungura walienea baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Mwanzoni walikuwa mali ya thamani. Wenye ardhi waliwafuga katika viwanja maalumu, wakawajengea matuta ya udongo laini ili wachimbe kwa urahisi, na kuajiri walinzi. Nyama na manyoya yao vilikuwa vya wakubwa. Katika kitabu cha sala cha mwanzoni mwa karne ya 14, kinachojulikana kwa jina la Malkia Mary, mna picha ya wanawake wakiwinda sungura kwa fereti na wavu.

Chombo kilichoweza kutoa nyama ardhini bila kelele hakikuachwa mikononi mwa kila mtu. Mwaka 1390, miaka michache baada ya maasi makubwa ya wakulima ya mwaka 1381, sheria ya Mfalme Richard wa Pili iliwakataza watu wa kawaida wasio na ardhi yenye pato la shilingi 40 kwa mwaka kutumia fereti, nyavu au mbwa wa kuwindia. Karne baada ya karne, mkulima mpangaji aliwaona sungura wakila mazao yake, naye hakuwa na ruhusa ya kuwagusa, kwa maana windo lilikuwa haki ya mwenye ardhi. Mpaka mwaka 1880 ndipo ilipopitishwa sheria iliyompa mpangaji haki ya kuua sungura katika shamba analolilima. Fereti aliyekuwa akifichwa chini ya koti la mwizi wa mawindo sasa aliweza kubebwa mchana kweupe.

Ugonjwa uliobadili mambo

Sungura alipopelekwa nchi nyingine, alifika bila adui zake. Mwaka 1859 mwenye shamba mmoja huko Australia, Thomas Austin, aliwaachia porini sungura wapatao 24 kwa ajili ya kuwinda. Katika muda wa miaka 50 uzao wao ulikuwa umeenea sehemu kubwa ya bara hilo. Uzio wa urefu wa zaidi ya kilomita 1800 uliojengwa magharibi, na kukamilika mwaka 1907, haukuwazuia.

Mwaka 1950 wataalamu wa Australia waliachia kwa makusudi kirusi cha ugonjwa uitwao miksomatosisi, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako sungura wa huko huugua kidogo tu. Mbu waliueneza kwa kasi. Watu walipoingiwa na hofu kwamba kirusi hicho chaweza kuwadhuru, wanasayansi watatu, Macfarlane Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, walijidunga wenyewe ili kuthibitisha kuwa hakimwambukizi binadamu. Hawakuugua.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, aliwadunga kirusi hicho sungura wawili katika ardhi yake iliyozungushiwa ukuta. Ukuta haukuzuia kitu. Mwaka 1953 ugonjwa ulikuwa umefika Uingereza, na yakadiriwa kwamba hadi kufikia mwaka 1955 sungura 99 katika kila 100 walikuwa wamekufa nchini humo. Wakulima wa Ufaransa waliookoa mazao walimsifu daktari huyo. Wawindaji na wafugaji wa sungura walimlaani. Mahakama ilimtoza faini, na baadaye akatunukiwa nishani.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya nguvu hizo mbili. Fereti huondoa sungura wa shamba moja kwa siku moja, na mtu aweza kumrudisha sandukuni. Kirusi hakina sanduku.

Matokeo yake hayakuishia kwa sungura. Katika vilima vya kusini mwa Uingereza nyasi zilizokuwa zikikatwa na meno yao zilirefuka. Udongo uliofunikwa na nyasi ndefu ulipoa, na aina moja ya siafu wekundu wadogo wapendao udongo wenye joto ilipungua. Kulikuwa na kipepeo mkubwa wa buluu ambaye kiwavi wake huishi ndani ya viota vya siafu hao na kuwala watoto wao. Siafu walipotoweka kipepeo naye alitoweka, na mwaka 1979 alihesabiwa kuwa amekwisha nchini humo. Miaka ya 1980 alirejeshwa kutoka Sweden, baada ya wataalamu kuufahamu mnyororo huo na kuzirudisha nyasi katika ufupi wake. Nani angelidhani kwamba uhai wa kipepeo ulikuwa katika meno ya sungura?

Kirusi nacho hakikudumu na ukali wake. Fenner na wenzake waligundua kwamba aina kali mno ilimwua sungura upesi, kabla mbu hawajapata nafasi ya kutosha ya kumwuma na kuupeleka ugonjwa kwingine. Aina zenye ukali wa wastani zilienea zaidi. Wakati huo huo, sungura waliokuwa na kinga ya urithi ndio waliobaki na kuzaa. Kwa hiyo baada ya miaka kadhaa vifo vilipungua, idadi ya sungura ikaanza kupanda, na wakulima wa Kiingereza wakazitoa tena nyavu zao.

Huko kwao Iberia hadithi ni ya kinyume. Magonjwa ya namna hiyo yamewapunguza sungura hata simba-mangu wa Iberia na tai wa huko, ambao hutegemea sungura kwa chakula, wakapata taabu. Mwaka 2019 sungura huyo aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini katika nchi za asili yake. Katika sehemu nyingine za Hispania fereti hutumika kuwakamata sungura wakiwa hai, ili wahamishiwe mahali walipopungua. Mnyama yule yule, kwa wavu ule ule, hutumika hapa kupunguza na pale kuongeza.

Fereti nje ya kwao

Tusidhani, hata hivyo, kwamba fereti hana hatari. Yeye ni salama maadamu yu mkononi. New Zealand, nchi isiyokuwa na mnyama wa asili anyonyeshaye aishiye nchi kavu isipokuwa popo, ilisumbuliwa na sungura walioletwa na Wazungu. Katika miaka ya 1880 fereti na jamaa zake waliachiwa porini kwa maelfu ili wawale sungura. Wataalamu wa ndege walionya, lakini hawakusikilizwa. Sungura hawakwisha. Ndege wasioruka, ambao hawakuwahi kujifunza kumwogopa adui wa namna hiyo, ndio walioangamia, kwani ndege akaaye chini ni windo rahisi kuliko sungura mwenye mbio. Mwaka 2002 nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza na kuzalisha fereti.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja ili wale takataka za mji. Wamezaana, wamevuka bahari hadi Dar es Salaam na Mombasa, nao huiba vifaranga na kuharibu viota vya ndege wa asili. Takataka bado zipo.

Fereti maabarani

Fereti amemsaidia binadamu pia mahali pasipo na shimo. Mwaka 1933 huko London, watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji ya kusukutulia koo kutoka kwa wagonjwa wa homa ya mafua, wakayachuja ili kuondoa bakteria, kisha wakayatia puani mwa fereti. Baada ya siku mbili hivi fereti walipata homa na kupiga chafya. Ndivyo ilivyothibitishwa kwamba ugonjwa huo wa binadamu huletwa na kirusi. Mwaka 1936 ilitangazwa habari ya mtafiti mwingine, Charles Stuart-Harris, aliyeambukizwa na fereti wa maabara. Hadi leo mnyama huyu hutumika katika kuchunguza virusi vya mafua na chanjo zake, kwa kuwa njia yake ya hewa hushambuliwa kwa namna inayofanana na yetu.

Hitimisho

Mkulima wa kale wa visiwa vya Balearic hakujua jeni wala virusi. Lakini alijua jambo ambalo wengine walilisahau: kwamba msaidizi mwema ni yule uwezaye kumwita akarudi. Mwenye fereti huingia shambani asubuhi na sanduku lake, na jioni kabla ya kuondoka huhesabu wanyama wake. Akikosekana mmoja, haondoki. Huweka sanduku mlangoni pa shimo na kungoja gizani mpaka atokee.

Siku moja miongoni mwa wanafunzi wasomao makala haya watatoka maafisa wa kilimo, waganga wa mifugo na watafiti, nao wataletewa mdudu, samaki, mmea au kirusi kinachosifiwa kuwa ni dawa ya taabu fulani ya wakulima. Kabla ya kufungua sanduku, na waulize kwanza namna ya kulifunga.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kokotoa eneo la uso wa mcheduara wenye ujazo wa sentimita za ujazo 1000 na kipenyo cha sentimita 5. Linganisha na ule wa kipenyo cha sentimita 6. Mnyama yupi atahitaji chakula zaidi wakati wa baridi?

2. Eleza kwa nini kirusi kikali kuliko vyote si lazima kiwe ndicho kinachoenea kuliko vyote.

3. Fereti wawili wenye rangi ya hudhurungi wamezaa mtoto mmoja mweupe. Onyesha kwa mchoro jinsi jambo hilo linavyowezekana.

4. Taja mnyama au mmea ulioletwa katika wilaya yako kutoka nchi nyingine. Uliletwa kwa kusudi gani, na je, kusudi hilo limetimia?